Mtunzi Tuliyemchangia

Tulimwita Mtunzi kabla hajatunga kitu. Jina alijipa mwenyewe, na mji ukalipokea kwa kicheko ambacho yeye, kwa bahati yake, hakukisikia. Alikuwa amenisomesha skuli nilipokuwa mdogo, kisha akaacha ualimu kwa hoja kwamba chaki inaharibu mkono wa kuandikia. Nilipokuwa mtu mzima, ninapiga taipu katika afisi moja ya serikali, yeye alikuwa amepanga chumba cha juu Mji Mkongwe, chenye roshani iliyoinamia kichochoro. Asubuhi nzima alikaa pale roshanini, kanzu na koti juu yake, kalamu ya wino mfukoni, akiwatazama wapita njia kama msimamizi anayetazama vibarua wake.

Sikumpenda. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akakaa kungoja moyo wangu ulainike. Alikuwa mtu wa majivuno, mlaji wa vya watu, na mwoga. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu, na mengi yake niliyaona nyumbani kwetu Kikwajuni, kwenye mkeka wa shangazi yangu, Bi. Rukia, aliyenilea.

Lugha ndiyo iliyokuwa fimbo yake. Hakuna mtu aliyefungua kinywa mbele yake akakifunga salama. Aliwasahihisha wauza samaki sokoni, aliwasahihisha watoto waliokuwa wakitukanana, alimsahihisha mwadhini, si adhana yenyewe bali tangazo alilotoa baada yake. Siku moja tulikuwa matangani, na ndugu wa marehemu, mtu mzima, macho mekundu, akasimama kuwashukuru waliokuja. Akasema, "Kwa msiba huu ulotupata..."

"Uliotupata," akasema Mtunzi kutoka nyuma.

Yule bwana akadhani hakusikia vizuri. "Naam?"

"Si ulotupata. Ni uliotupata."

Watu wote wakainamisha macho kwenye mikeka. Ndugu wa marehemu akamtazama kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Uliotupata, Mwalimu," akaendelea. Mtunzi alitikisa kichwa kuonyesha ameridhika, na sahani ya wali ilipopita akapakua kwa wingi.

Na mtu huyo huyo, ukimkanyaga mguu, Kiswahili chake safi kilimruka mara moja. Kilichomtoka kilikuwa Kimakunduchi kitupu, cha kwao shamba, kile alichokuwa akitwambia skuli kwamba ni lugha ya watu ambao hawajafikiwa na kitabu.

Kitabu chenyewe alikizungumza kwa miaka. Ilikuwa riwaya ya mapenzi, binti wa tajiri na karani wa forodha, na alikuwa ameandika sura chache tu alipozipeleka kwa wachapishaji wa bara. Zilirudi na maneno ya adabu. Yeye alisema kwamba watu wale hawajaifikia kazi yake, na kwamba atawangoja. Kisha akaenda kwa mchapaji wa hapa mjini, ambaye alimwambia wazi: karatasi ni shida, kazi ni nyingi, lete gharama kwanza, kitabu baadaye. Hapo ndipo alipopata fikra aliyoitangaza baraza zote, kwamba riwaya yake itachapwa kwa michango ya wananchi. Kila mtu atoe kidogo sasa, apate nakala yake kitabu kikitoka, na jina lake lichapwe ukurasa wa mwisho.

Alichangisha kila mahali. Alichangisha kwenye harusi, bibi harusi yuko ndani bado anapakwa hina. Alichangisha barazani kwa wanywa kahawa, na kahawa akanywa kwa fedha zao. Uwanja wa Amani ulipokuwa mpya alikwenda huko siku ya mpira, na wachezaji walipopumzika akasimama juu ya ngazi akaanza kuwasomea watu sura ya kwanza, ile ya mwezi kuchomoza nyuma ya paa la nyumba ya tajiri. Walimrushia maganda ya machungwa. Aliendelea kusoma mpaka filimbi ikapigwa, halafu akapita na mfuko wa nguo, na, ajabu, wengine wakatia. Mimi nilidhani wanamlipa ili anyamaze.

Mchango wa mwanzo aliutumia kupigia picha yake ya jalada. Alikwenda studio, akakaa mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, mkono kidevuni, macho juu. Nilimuuliza kwa nini picha imetangulia wakati riwaya haijafika nusu.

"Msomaji anataka kumjua anayemsemesha," alinijibu. "Wewe piga taipu."

Maana taipu nilimpigia mimi, bure, saa za baada ya kazi. Hakunishukuru. Nikikosea nukta alikuwa akiizungushia wino mwekundu kama zamani skuli. Siku moja nilikata sentensi yake moja, ndefu mno, nikaifanya mbili. Alikuja mpaka afisini kwetu na karatasi mkononi, mbele ya mkubwa wangu, akaniuliza nimepewa na nani ruhusa ya kukata mtoto wake vipande. Hakukubali libadilike hata neno, hata alama ya mkato. Kila kitu katika riwaya ile kilikuwa mahali pake, alisema, kama mawe ya ukuta, ukitoa moja umevunja nyumba.

Sasa nieleze habari ya shangazi yangu, kwa sababu bila yeye kitabu kile kisingechapwa.

Bi. Rukia alikuwa akipika vitumbua na kuviuza mlangoni. Alikuwa na mtoto mmoja, Nassor, binamu yangu niliyekua naye kama kaka. Nassor alikuwa mtu wa mpira na mzaha, hajui kukaa na neno kifuani. Miezi michache baada ya Mapinduzi, wakati watu wengi walikuwa wakiondoka kwa namna walivyoweza, na yeye aliondoka na wenzake kwa chombo cha baharini. Hakuna aliyekuja kutwambia kafika, wala hakuna aliyekuja kutwambia hakufika. Mwaka ukapita, na mwengine. Shangazi hakumsomea hitima, kwa sababu angekuwa anamzika mtu ambaye huenda yu hai, na hakumtaja mbele za watu, kwa sababu zama zile kumtaja aliyeondoka kulileta maswali. Alikuwa anamtaja kwa vitendo. Kila jioni alikuwa anaweka chakula chini ya kawa, na asubuhi tunakila sisi.

Mtunzi alipokuja kuchangisha kwetu, alikula kwanza, kisha akaeleza habari ya ukurasa wa mwisho. Shangazi alikuwa anasoma Kurani na barua za Kiarabu, lakini hati ya kizungu hakuijua, na riwaya hakuwa na haja nayo. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hilo jina," akauliza, "lazima liwe la mwenye kutoa?"

"La yeyote utakaye, Bi. Rukia."

"Basi andika Nassor. Mimi hapa kila mtu ananijua."

Tangu siku ile alikuwa anamwekea Mtunzi sehemu ya kila alichouza. Mimi nilikasirika. Nilimwambia, "Shangazi, huyu anakula jasho lako."

"Namjua anavyokula," alisema. "Mwache aandike."

Habari hiyo ilitembea bila mtu kuitembeza. Kinamama waliwaambia wenzao uani, na siku zile Mtunzi akaanza kufuatwa badala ya kufuata. Fundi cherahani wa kichochoroni kwake alimpa jina la ndugu yake. Mzee mmoja, aliyekuwa na mashamba na sasa anauza ndimu, alitoa majina ya wanawe wote. Kila aliyekuwa na mtu asiyejua yuko wapi alipanda ngazi za Mji Mkongwe mpaka kile chumba cha juu. Michango ikatosha.

Na yeye akachukia. Alikuja kwetu jioni moja, akakaa, akakataa chakula, jambo ambalo sijawahi kuliona tena.

"Hawachangii riwaya," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyeniuliza binti anaolewa na nani. Wanachangia ukurasa wa mwisho."

"Si wanalipa?" nikamwambia.

"Mimi si mchonga mawe ya makaburi."

Shangazi aliinua uso kutoka kwenye unga wake. Mtunzi akatambua alichokisema. Akaomba maji. Samahani haikumtoka. Baada ya muda akavuta sahani aliyoikataa, akala.

Kabla ya kuchapwa, kila kitabu kilikuwa kikipelekwa afisi ya serikali ya kukagua vitabu kupata ruhusa. Siku ya kwenda alinitaka nifuatane naye, eti nimbebee karatasi. Karatasi zenyewe hazikuwa mzigo. Alikuwa anaogopa. Tangu mambo yalipobadilika, Mtunzi akimwona mtu mwenye sare huvuka upande wa pili wa njia, na gari likisimama chini ya roshani yake anaingia ndani kulala kitandani na koti lake. Siku ile alikuwa anajifuta shingo tangu tulipotoka nyumbani.

Afisa aliyetupokea alikuwa kijana mtaratibu. Alifungua riwaya katikati, akasoma kidogo, akapiga mwayo. Akafungua mwisho. Hapo akasoma kwa makini, kidole kikishuka na majina.

"Huyu yuko wapi?" akauliza.

Mtunzi akasema hajui.

"Na huyu?"

Hajui.

"Na hawa ndugu wote hawa?"

"Wachangiaji, bwana. Majina tu."

Afisa akafunga karatasi, akazisukuma taratibu mbele yetu. "Riwaya yako sina neno nayo, Mwalimu. Ukurasa huu uondoke. Ukishaondoka niletee, nitakupigia mhuri."

"Naam," akasema Mtunzi. "Utaondoka."

Alisema upesi kiasi kwamba yule kijana mwenyewe alionekana kushangaa, kama mtu aliyejiandaa kusukuma mlango akaukuta wazi. Mtu aliyenifuata kazini kunigombeza kwa nukta moja, aliutoa ukurasa mzima kabla hajamaliza kuombwa.

Tulipofika nje alinunua glasi ya maji ya miwa akanywa peke yake.

"Umekubali upesi, Mwalimu," nikamwambia.

"Ulitaka nifungwe?"

"Nilitaka uone haya kidogo."

Akairudisha glasi kwa mwenyewe, akafuta midomo, akaenda zake. Nami nikarudi Kikwajuni kumwambia shangazi. Nilimwambia yote, hata ile naam. Aliendelea kukoroga, halafu akauliza kama sukari imebaki ya kesho. Usiku ule sikulala kwa hasira, na kuanzia siku ya pili sikumpigia tena Mtunzi hata mstari. Alinitumia salamu, nikazirudisha. Nilisikia kwamba ameazima taipu mahali na anapiga mwenyewe kwa kidole kimoja, na kwamba amejifungia, hata barazani haonekani. Nilifurahi kwamba anateseka. Nilisikia pia kwamba amerudi kwa yule afisa, na kwamba kijana alifungua nyuma tu, akaona ukurasa haupo, akapiga mhuri.

Kitabu kilitoka. Karatasi za rangi ya udongo, wino umekolea upande mmoja na kufifia mwengine, na katika picha ya jalada yale maporomoko ya maji yalionekana kama yanamwagika kichwani mwake. Alikileta mwenyewe mlangoni, akampa shangazi kwa mikono miwili, akaondoka bila kuingia. Hilo nalo halikuwa la kawaida.

Shangazi alitaka asomewe. Nilimsomea baada ya alasiri, yeye anachambua mchele, na sitaficha kwamba nilisoma kwa dhihaka, nikiuvuta ule mwezi na zile sentensi ndefu kwa sauti ya Mtunzi mwenyewe. Shangazi alicheka mara moja au mbili. Tukafika mahali binti wa tajiri amesimama mlangoni jioni, anamngoja karani wake, moyo unamdunda. Sehemu ile nilikuwa nimeipiga taipu mimi, niliijua kwa moyo, kwa hiyo nilikuwa ninasoma bila kuangalia sana. Nikakuta maneno nisiyoyajua.

Wakati huo, kiliandika kitabu, akapita Nassor akitoka mpirani, viatu kavishika mkononi, miguu imejaa vumbi. Akamuuliza binti kama anangoja posa au anangoja mvua. Binti akacheka. Nassor akaingia nyumba ya pili, akafunua kawa, akakuta chakula chake bado kina moto, akala, akalala. Kisha karani akatokea pembeni ya njia, na mapenzi yakaendelea.

Shangazi alikuwa ameacha kuchambua.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Kalala?"

"Kalala, shangazi."

"Nyumbani?"

"Nyumba ya pili. Ndivyo kilivyoandika."

Akaweka ungo chini, akaniambia nirudie tena, na safari hii nilisoma kwa sauti yangu.

Walikuwamo wote. Ndugu yake fundi cherahani alikuwa anapima kanzu ya bwana harusi na kulalamika kwamba kitambaa kimepunjwa. Wana wa yule mzee wa ndimu waliingia mmoja mmoja kwenye harusi, kila mmoja akasalimiwa kwa jina, akaonyeshwa mahali pa kukaa, akaletewa sahani. Watu walikuwa wakija kuazima chumvi, kutengeneza baiskeli, kuuliza saa, na kila mmoja alikuwa ana kitu chake cha kufanya na pahala pake pa kurudi. Hakuna aliyeondoka katika kitabu kile kwenda mbali. Mjini watu walikuwa wakipokezana nakala, wakisomeana mabarazani na uani, na kila nyumba ilikuwa inajua kurasa zake.

Lakini nisimpambe. Riwaya iliharibika vibaya. Binti na karani hawakupata nafasi ya kusema maneno mawili bila mtu kupita kati yao. Ilipofika harusi, nyumba ilikuwa imejaa wageni mpaka maharusi wenyewe hukuwaona. Mwalimu mmoja ninayemheshimu alinambia hajawahi kusoma kitabu chenye watu wengi wanaosalimia na wachache wanaofanya jambo. Alikuwa anacheka, na alikuwa na haki. Mtunzi aliyekuwa hataki jiwe moja liguswe alikuwa ameubomoa ukuta wote kwa mikono yake.

Kumbuka pia kwamba hakugeuka kuwa mtu mwema. Alizidi. Sasa alikuwa akitaka asalimiwe kwanza, na asiposalimiwa ananuna. Aliwakemea watu kwa kusoma kurasa zao tu na kuacha nyingine. Alidai pahala pa mbele kwenye kila hafla, akadai kahawa ya bure kwa haki, si kwa hisani tena. Matangani aliendelea kusahihisha.

Mara ya mwisho kuzungumza naye kwa kirefu ilikuwa kwenye foleni ya mchele, miaka ile ambayo chakula kilikuwa kwa foleni. Nilifika alfajiri nikamkuta mbele yangu. Alikuwa amezeeka, koti limemning'inia. Alishajaribu, niliambiwa, kumwendea muuzaji moja kwa moja na kumwambia yeye ni nani, na muuzaji akamwonyesha mwisho wa mstari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama. "Hukukimaliza kitabu changu."

"Sikukimaliza."

"Ulifika wapi?"

"Harusini. Nilishindwa kupita, watu wengi."

Nilidhani atakasirika. Alitikisa kichwa tu. "Hakuna aliyekimaliza," alisema. "Kila mtu anasoma mpaka kwa mtu wake, anafunga."

Foleni ikasogea kidogo, tukasogea nayo. Nilikuwa nimelibeba swali lile muda mrefu, na sikujua kama nitapata siku nyengine ya kumuuliza.

"Kwa nini uliwatia wote, Mwalimu? Ungeweza kuacha. Hakuna aliyekudai."

Alinigeukia kwa ile hasira yake ya darasani, hasira ya mtu aliyeulizwa jambo alilokwisha kulifundisha.

"Ukurasa wa mwisho si ulitolewa?" alisema. "Ulitaka wakae wapi?"

Kisha akageukia mbele, akaongeza, akiwa amenipa mgongo, "Wameniharibia riwaya yangu."

Jua lilipanda, mstari ukapungua, na ilipofika zamu yake muuzaji alikung'uta gunia, akampimia, akanambia mimi na walio nyuma yangu kwamba mchele umekwisha. Mtunzi alifunga kikapu chake vizuri. Sikutegemea anigawie, na hakunigawia. Aliniaga kwa adabu, akanisahihisha neno moja katika kuaga kwangu, akashika njia ya kwao.

Nilifika nyumbani mikono mitupu. Shangazi alikuwa amekwisha bandika maji.

"Umekwisha?"

"Umekwisha mbele yangu. Wa mwisho kauchukua Mtunzi, na hakutoa hata kibaba."

Nilingoja anisaidie kumsema. Alikaa akifikiri, mkono juu ya mfuniko.

"Nani anampikia siku hizi?" akauliza.

Nikamwambia sijui, nikaenda kumenya muhogo.